Mama Mkwe Mbaya wa Kolwezi

Katika filamu zinazochezwa hapa kwetu, mimi ni mama mkwe mbaya. Nilianza kwa kumtilia mke wa mwanangu sumu ndani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Watu waliipenda sana, na tangu hapo mwongozaji hajanipa kazi nyingine. Wengine nimewaroga, mmoja nilimsukumia kisimani. Nyumbani kwangu hata kuku huchinjwa na jirani, mimi naogopa damu.

Mwanangu wa kweli alipopata mchumba kule Kapata, nilikwenda na shemeji yangu kujitambulisha. Pale Dilala niliita pikipiki. Kijana alinitazama usoni, akawasha pikipiki yake.

“Samahani mama, mi nimeoa juzi tu,” akasema, akaenda zake.

Mama wa msichana alifungua mlango, akaniona, akaufunga. Tukamsikia ndani: “Ni yeye! Ule wa sombe!” Kisha akafungua tena, anacheka kwa adabu. “Karibuni, batu ya kwetu.”

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Zawadi niliyobeba ilikuwa chungu cha sombe, nimeipika kwa mikono yangu.

Bukari, yaani ugali wetu, ilipoletwa, hakuna aliyenyoosha mkono. Shemeji yangu, mtu wa njaa, akamega, akachovya, akameza. Familia nzima ikamtazama koo. Nilikuwa nimezidisha pilipili. Akakohoa, macho yakamtoka, akaomba maji kwa ishara.

“Yesu wangu!” bibi wa msichana akalia. “Ita pasta!”

Nilitaka kuzama chini ya kiti. Nikaanza kulia, na hapo nikaharibu zaidi, maana katika filamu hulia kila baada ya kuua.

Ni msichana mwenyewe aliyetuokoa. Alikuja kuketi kando yangu, akala matonge mawili makubwa, akajifuta jasho.

“Mama,” akamwambia mama yake, “huku hakuna sumu. Iko pilipili tu, na chumvi kidogo haitoshi.”

Nilimpenda papo hapo, ingawa maneno ya chumvi yaliniuma.

Walioana. Mwaka huu mwongozaji alinipa nafasi ya mama mwema, mcha Mungu. Majirani waliitazama filamu yote wakisubiri nigeuke mbaya; sikugeuka, wakalalamika. Mkwe wangu peke yake hana shida na sura yangu. Muuza samaki akimpunja sokoni, humwambia kwa upole: “Sawa, tata. Nitapeleka habari kwa mama mukwe wangu.” Huongezewa samaki bila mabishano.