Nilivyomchonga malaika mwenye twende kilioni milimani Uluguru, miaka ya hamsini

Wakuu, habari za humu.

Juzi niliona uzi wa picha za makaburi ya kale huko Uingereza, mawe yamechongwa malaika na maua, watu wanashangaa. Jamani, hata kwetu tulichonga. Mimi mwenyewe nimechonga.

Anayechapa ni mjukuu wangu, maneno ni yangu, na chai ya uongo humu haimo hata kijiko.

Kabla ya Uhuru nilikuwa fundi mawe kijana kwenye misheni moja juu ya Mlali. Alinifundisha bruda mmoja mzungu, mkali lakini mwenye utu.

Nikampenda Tekla. Naye akanipenda, msinicheke.

Sasa kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama. Baba yake Tekla alinikaribisha vizuri, akaninywesha uji, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sina neno. Nenda kwa mjomba wake."

Mjomba Filipo, lo! Mtu mkavu yule. Alikuwa amefiwa na mama yake, Bibi Agata, ambaye ndiye bibi yake Tekla. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Wewe unachonga mawe. Mchongee mama yangu jiwe la kaburi. Likinipendeza, tutaongea habari za mpwa wangu. Lisiponipendeza, usirudi hapa."

Nikatoka pale nimefurahi kama mwendawazimu. Jiwe tu?

Bruda akanipa picha ya malaika wa Ulaya, nywele ndefu za mawimbi. Hapo ndipo nilipoiona kazi. Kila nikichonga wimbi, jiwe linamenyuka. Na jiwe jingine hakuna, lile lenyewe lilishushwa mlimani na wanaume sita.

Nikakaa nikalitazama. Nikaona nikichonga mistari iliyonyooka kutoka paji la uso kwenda kisogoni, palipomenyuka patafichika. Yaani twende kilioni, wakuu! Ule msuko wa harakaharaka wanaosukana akina mama kukiwa na msiba.

Lakini nywele zile na pua ya kizungu haviendani. Nikaigusa pua. Nikagusa mashavu. Mkono ukaenda wenyewe, maana uso ule nilikuwa naujua. Bibi Agata alikuwa akipita karakana yetu kila siku ya soko na kapu la njegere kichwani, ananitania, "Wewe, hilo jiwe limekukosea nini?" Kisha anacheka, pengo la mbele linaonekana lote.

Nikaweka na pengo.

Bruda alipoliona akashika kichwa. "Malaika gani anasuka nywele?"

Nikamjibu, "Bruda, kwani wewe umeshawahi kumwona?"

Akawa mwekundu. Halafu akacheka mpaka akakalia mfuko wa saruji. Akasema yeye hakatai, ila mwenye mama ndiye ataamua.

Jumapili baada ya misa jiwe likasimamishwa. Tekla kasimama na mama yake, hanitazami kabisa. Nikajua nimejiharibia mwenyewe: mtu kaagiza jiwe la heshima, mimi nimemletea mama yake anacheka na pengo.

Mjomba Filipo akasogea karibu. Akavua kofia, akainama kidogo, akasema:

"Shikamoo, mama."

Wakuu, makaburini pale vililipuka vigelegele! Wanawake wanalia huku wanacheka, wanajipanga kumwamkia bibi yao mmoja mmoja. Mjomba akanishika mkono, akanivuta mbele ya jiwe.

"Mama, kijana mwenyewe ndiye huyu. Anamtaka mjukuu wako. Mimi nimekubali."

Nililia mbele za watu bila aibu. Sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya harusi yenyewe.

Nilichojifunza ni kwamba mfiwa humletei uzuri wa kuiga kutoka kwenye picha, unamletea mtu wake. Mafundi wa siku hizi mnisikie.

Mwenye picha za mawe ya zamani ya kwao, iwe Dumila, iwe popote, atupie hapa chini na atuambie ni ya nani. Wa kubisha nao wabishe, nafasi ipo.

Tekla amesimama nyuma ya mjukuu, anasoma. Anasema niongeze kwamba siku ile hakunitazama kwa sababu angenitazama tu, angecheka, na mjomba wake angejua kwamba yeye Tekla alishanikubali zamani.