Mkanda Uliokatika Nyololo

Tulikwenda Iringa kwa sababu ya jicho la Bibi. La kulia lilikuwa limekufa zamani. La kushoto lilifunikwa na mtoto wa jicho, mpaka akawa ananitambua kwa jinsi ninavyokanyaga. Tulisikia kwamba madaktari wa macho wamekuja kwa siku chache katika hospitali moja ya Iringa. Tuliambiwa tuwe tumeandikishwa kabla ya saa nane mchana, kwa sababu upasuaji wa mwisho ungefanyika kesho yake asubuhi, kisha wangeondoka.

Mbeya, saa kumi na moja alfajiri. Tulikaa watatu kwenye pikapu ya Shangazi ya kubebea viazi: mimi kwenye usukani, Bibi katikati, Shangazi mlangoni. Hapa lazima niseme jambo nililolijua mimi peke yangu. Siku mbili kabla nilikuwa nimefungua boneti nikauangalia mkanda wa injini. Ni mmoja tu, mrefu, unaozungusha alteneta inayochaji betri, pampu ya maji na pampu ya usukani. Nilizima injini, nikaupindua kwa kidole gumba. Upande wa ndani, wenye mifereji, ulikuwa na nyufa kama kisigino wakati wa kiangazi, na pembeni uzi ulikuwa umechomoka. Niliandika namba yake mkononi, nikaenda soko la Mwanjelwa, nikanunua mpya na kuuficha nyuma ya kiti.

Lakini sikumwambia Shangazi. Fundi wake alikuwa amesema gari ni zima, na mimi nimeishia darasa la saba. Tena kumpinga mtu mkubwa sijazoea. Nikajisemea nitamwambia asubuhi. Asubuhi ilipofika nikajisemea nitamwambia tukifika Chimala.

Chimala, jua likichomoza. Bonde la Usangu lilikuwa limejaa ukungu mweupe, na ndani yake ng'ombe wa wafugaji waliotoka kaskazini walipita bila miguu, migongo na pembe tu, kama wanaelea. Bibi aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Naona weupe. Ni ziwa?"

"Ni ukungu, Bibi. Juu ya mashamba ya mpunga."

"Mimi naliona ziwa. Niachie ziwa langu."

Nilimwachia. Ilikuwa asubuhi ambayo mtu hapendi kuivunja kwa kusema, na mimi sihitaji sababu kubwa ili ninyamaze.

Makambako, saa tatu na nusu. Baridi ilikuwa kali. Tulipokunywa chai na kuwasha gari tena, mlio mwembamba ulitoka mbele, ukakaa kidogo, ukanyamaza.

"Mume wangu," Bibi aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "gari lako linalia kama panya."

"Ni baridi tu, mama," Shangazi alisema. "Hata mimi baridi hii inanitoa sauti."

Wote wawili walicheka. Mimi nilishika usukani kwa nguvu.

Karibu na Nyololo, saa nne na nusu. Kitu kilipiga chini ya boneti kama kofi. Taa nyekundu ya betri ikawaka, na usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Nililivuta gari pembeni, chini ya misonobari. Nilipofungua boneti, mkanda ulikuwa umekatika, kipande kimoja kimening'inia.

Shangazi alisimamisha bodaboda, akamtuma dereva wake akatuitie fundi. Ilipita zaidi ya saa moja, ndipo fundi akaibuka kwenye ukungu na mfuko wake wa spana, akitokea Igowole.

"Kamwene, mama," alisalimia. "Mkanda mpya mnao?"

Nilichomoa ule mkanda nyuma ya kiti. Shangazi aliutazama, kisha akanitazama mimi.

"Umeutoa wapi huu?"

"Niliununua juzi."

"Juzi! Kwa hiyo ulijua? Ulijua, Ambakisye, ukanyamaza?"

Nilimpa fundi mkanda. Fundi alicheka, akaingiza mikono kwenye injini. Kwa kuwa wa zamani ulikuwa umeruka, hapakuwa na alama ya kumwonyesha njia, akaupitisha ule mpya kwa kukisia. Nilisimama nyuma yake. Puli ya pampu ya maji, kile kigurudumu kinachozungushwa na mkanda, ina mifereji, lakini yeye aliilazia mgongo wa mkanda, ule upande laini. Niliona pampu itazunguka kinyume, na maji hayatapoza injini.

"Fundi..." nilisema.

"Nini, dogo?"

"Hakuna."

Baada ya Nyololo, saa sita mchana. Hatukufika mbali. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka, nikazima injini. Fundi alikuwa ameshaondoka. Pande zote ilikuwa misonobari, mistari baada ya mistari, na ukungu ukipita kati yake polepole kama watu wanaotoka ibadani. Shangazi aliegemea mlango akipuliza vidole vyake. Nilitazama saa. Nilijua kwamba kama Bibi hataandikishwa leo, weupe ule aliouita ziwa ndio utakaokuwa dunia yake.

"Mume wangu," Bibi alisema, "yule fundi ulitaka kumwambia nini?"

"Hakuna, Bibi."

"Nilikusikia ukimeza."

Basi nilimwambia. Na kwa kuwa asingeweza kuona, nilikishika kiganja chake nikamchorea kwa kidole. "Hapa ndipo mkanda unapoanzia, chini. Unapanda kwenye alteneta. Unarudi hapa. Penye puli ya mifereji unakaa kwa upande wa mifereji, na penye puli laini unapita kwa mgongo. Yeye hapa aligeuza." Nilichora mara mbili, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikiiona njia kwa mara ya kwanza. Bibi alifumba kiganja.

"Sasa unaniambia mimi ili nikautengeneze mimi?"

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. Akashuka. "Haya, fundi wa kiganjani. Spana namba ngapi?"

Tulisubiri injini ipoe, ndipo nikaongeza maji kwenye radieta. Shangazi alivuta tenshena, ile puli inayokaza mkanda, kwa spana na mikono yake miwili, akitukana baridi, huku mimi nikiutoa mkanda na kuupitisha upya. Nilipapasa kila puli kuhakikisha hakuna mfereji uliokaa nje. Nikawasha. Hakukuwa na mlio wowote, ngurumo tulivu tu. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukatulia hapo.

Iringa, saa kumi kasoro. Nesi wa mlangoni alikuwa ameshafunga daftari. Shangazi aliomba, akasihi, akasema barabara ilikuwa mbaya.

"Mama, barabara ya Mbeya ni lami tupu," nesi alisema.

Nilisogea mbele. "Siyo barabara. Ni mimi. Niliona mkanda umepasuka tangu juzi, sikusema. Bibi hana kosa."

Nesi alifungua tena daftari. "Leteni jina lake. Kesho saa mbili, kama kuna asiyefika, nafasi ni yake. Siahidi kitu."

Mtaa wa Mlandege, Iringa, jioni hiyo. Tulilala kwa Mama Neema, rafiki wa Shangazi tangu ujana wao. Alituwekea ugali na kunde, akamuuliza Bibi kama anaogopa. "Naogopa foleni," Bibi alijibu. Asubuhi, mzee mmoja hakutokea. Nesi aliita jina la Bibi.

Kesho yake walimfungua bandeji. Alipepesa jicho, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Kumbe mume wangu ana ndevu! Na hamkuniambia."

"Ni chache, Bibi."

"Chache, lakini ni habari."

Safari ya kurudi, siku ya nne. Bibi hakulala hata kidogo. Alisoma kwa sauti rangi za malori, akahesabu misonobari mpaka akachoka. Mimi nimejifunza jambo dogo, na naliandika polepole kama ninavyoandika kila kitu: ukimya wangu niliuita adabu, kumbe ulikuwa mzigo niliowabebesha watu wengine. Bibi alikaribia kuulipia kwa jicho lake.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea Igawa, nilisikia breki ikisaga upande wa kulia. Shangazi alikuwa katikati ya kisa kirefu, akicheka.

"Shangazi," nilimkatiza, "breki ya kulia imeisha. Nasimama niiangalie."

Bibi aliinama mbele anione vizuri. Nikawasha indiketa, nikasimama.