Sitini na Mbili Ukutani

Nianze na kosa langu, maana bila hilo hakuna cha kusimulia: nilioa binti wa mwenye rekodi.

Watu wa Mapera, kijijini kwetu milimani, wananiuliza hadi leo, hivi mtu mzima mwenye kahawa yake, mwenye mke na watoto, anateremka Mbamba Bay kila mwezi kufuata meza ya pool, kulikoni? Nawajibu nafuata samaki. Hawaniamini, na kusema kweli mara nyingi nimerudi bila hata mbasa mmoja.

Kilichonivuta ni namba. Kule ziwani kuna ukumbi mdogo wa mabati, meza moja tu, mlango upande huu na dirisha la ziwani upande ule. Ukutani, juu ya fimbo zinapoegeshwa, paliandikwa kwa chaki: 62. Ilikuwa rekodi ya mwenye ukumbi, fundi wa injini za boti, mzee mrefu mwenye maneno makali. Mchezo wenyewe si huu wa mjini, wa mmoja nyekundu na mwingine njano. Yeye aliutoa ng'ambo, Malawi, alikofanya kazi hotelini enzi za ujana wake, na pale ukumbini tunauita mfululizo. Unapiga mpira wowote, shimo lolote, ila unataja kwanza: nyekundu, kona ya dirishani. Ukiingia, umepata moja, endelea. Ukibaki mpira mmoja mezani, kumi na nne zinapangwa upya na wewe unaendelea kuhesabu palepale ulipoishia. Ukikosa, basi. Kaa chini unywe maji.

Sitini na mbili kwa mfululizo! Jaribu siku moja uone kama hutatukana.

Na kulikuwa na sheria zake. Rekodi haihesabiki kama mwenye rekodi hayumo chumbani. Hii ilitungwa kwa sababu ya jamaa mmoja aliyekuja na hadithi ya themanini, alizopiga peke yake siku ambayo mji mzima ulikuwa msibani. Halafu, rekodi ikivunjwa, mwenye nayo ndiye anayefuta namba yake kwa mkono wake na kuandika ya mwenzake. Hakuna mwingine anayegusa ule ukuta.

Mara ya kwanza nilipiga kumi na tisa. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Wewe wa kahawa," akaniambia, "rudi ukachume." Binti yake alikuwa anauza soda pale pembeni, naye akacheka. Nilikasirika vibaya sana. Nikarudi mwezi uliofuata kwa ajili ya namba, na mwezi wa tatu kwa ajili ya namba na soda. Baadaye sikuwa na hakika nafuata kipi. Tulifunga ndoa, wao Waanglikana na sisi Wakatoliki, kikao juu ya kikao, lakini yakaisha salama.

Sasa shida ikaanza.

Kwetu milimani mtu hucheza na wote lakini si na mkwe. Mama yangu alinikalisha chini wiki ya harusi, akaniambia: mkwe humkatishi mbele, humpandishii sauti, na kamwe, kamwe, usimgeuzie kalio. Ukiingia alipo, ingia kwa ubavu. Ukiokota kitu, chuchumaa umemtazama. Nikaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama, wala sikufikiria meza ya pool. Niliifikiria siku niliporudi ukumbini kama mkwe, nikasema "Shikamoo baba," akasema "Marahaba," akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Nikachukua fimbo. Mpira mweupe ulikuwa upande wa mlango.

Aliyewahi kucheza anajua: huwezi kupiga ukiwa umesimama wima. Lazima uiname, kidevu karibu na fimbo, na kalio liende litakakokwenda. Na langu lilikuwa linakwenda moja kwa moja usoni pa baba mkwe.

Nikaweka fimbo chini nikasema tumbo linauma.

Toka siku hiyo nikaanza kucheza kama kaa. Mpira ukiwa upande wa mlango, nalala kwa ubavu, mguu mmoja hewani. Nikajifunza kupiga kwa mkono wa kushoto, usiku nalala bega limekufa ganzi. Nikajifunza kupanga mpira mweupe ubaki upande wa dirishani, ili niiname nikiwa nimemtazama yeye, kwa heshima zote. Vijana wa pale walikuwa wanakufa kwa kicheko. "Shemeji," wanasema, "leo mgongo vipi?" Nikafika thelathini na moja. Nikafika arobaini. Kila mara naishia palepale: mweupe unakwenda mlangoni, mimi najipinda, nakosa.

Nilimlalamikia mke wangu. "Si ahame tu! Ukumbi mzima huo, kiti lazima kikae pale?"

"Mwombe."

"Nimwombe vipi? Shikamoo baba, naomba upishe kalio langu?"

Alicheka siku mbili. Akipika anacheka, akichambua maharage anacheka. Nilinuna, maana kwake ni kichekesho na mimi ile namba nilikuwa naiota.

Mwenyewe baba mkwe alikuwa ameacha kucheza. Alisema ni kiuno. Akawa anakaa tu na kikombe chake cha chai juu ya stuli, uso kuelekea mezani, na akaongeza sheria nyingine: kila mtu ataje mpira na shimo kwa sauti kubwa. Ukinong'ona anafoka. "Sema kama una mdomo!" Tulidhani uzee umemletea ukali. Mimi binafsi nilidhani amebuni hiyo sheria kunivuruga mimi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mchana, mwanga umejaa dirishani. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimemsindikiza mke wangu kusalimia, nikasema nipige kidogo wakati chakula kinaiva. Zikaingia. Kumi na nne, zikapangwa. Ishirini na nane, zikapangwa. Siku hiyo mweupe ulinitii, ukakaa dirishani kama umefungwa kamba. Nilipofika hamsini, vijana walikuwa wameweka soda zao chini. Mke wangu alitumwa kuniita nikale, akaingia na kusimama, chakula akakisahau.

Hamsini na sita, zikapangwa tena. Sitini. Sitini na moja. Sitini na mbili.

Hapo nilikuwa nimelingana naye. Mpira mmoja tu. Nikatazama mezani. Nyekundu ilikuwa mdomoni mwa kona ya dirishani, mpira ambao hata mtoto angeuingiza. Na mweupe ulikuwa umegandamana na ukingo wa mlangoni, katikati kabisa. Kwa ubavu haupigiki. Kwa kushoto haupigiki. Palikuwa na njia moja tu: kusimama mlangoni, hatua moja mbele ya kiti cha baba mkwe, na kuinama.

Nilizunguka meza mara mbili. Nikapaka chaki fimbo iliyokwisha pakwa chaki. Nikawaza kumwomba ahame, ulimi ukagoma. Nikawaza kumwomba atoke nje kidogo. Lakini akitoka rekodi haihesabiki. Nikasikia hasira imenipanda, nikimchukia kila mtu mle ndani, na mama yangu pia, Mungu anisamehe. Mwisho nikasema, liwalo na liwe, napiga kwa ubavu nikose, niende nikale. Nikaanza kujilaza pembeni.

"Unafanya nini?" Ilikuwa sauti ya baba mkwe.

"Napiga, baba."

"Nyeupe iko wapi?"

Nikashangaa, maana ilikuwa mita moja na nusu kutoka puani mwake. "Iko ukingoni, baba. Huku mlangoni."

"Na nyekundu?"

"Kona ya dirishani."

Akapapasa stuli, akakipata kikombe, akanywa, akakirudisha taratibu. Kisha akasema, na alisema mbele ya watu wote, mtu ambaye sijawahi kumsikia akikiri hata mafua:

"Inama vizuri, mwanangu. Sioni. Mwaka wa pili huu sioni kitu kwenye meza hiyo, nawasikia tu. Nyekundu ikigonga mbao naisikia, ikiingia naisikia. Hilo kalio lako unalolificha mimi sijaliona tangu nilipoacha kucheza."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona mke wangu ameweka kiganja mdomoni. Hata yeye alikuwa hajui. Nikawaza miguu niliyoinua hewani, bega nililolikamua, nikawaza na yeye pale kitini, akiwafokea watu wataje kwa sauti ili asipitwe. Nilimwonea huruma na nilijionea aibu.

"Piga," akasema. "Taja kwanza."

"Nyekundu," nikasema kwa nguvu, "kona ya dirishani."

Nikamgeuzia mgongo baba mkwe wangu, nikainama, nikapiga. Kabla sijainua kichwa nilimsikia nyuma yangu: "Imeingia. Sitini na tatu."

Wa sitini na nne niliukosa. Ulikuwa rahisi vilevile, ila macho yalikuwa yamejaa maji.

Akainuka, akaomba chaki. Nilitaka kumshika mkono, mke wangu akanikazia macho, nikaacha. Alitembea kwa kugusa ukingo wa meza mpaka ukutani. Akafuta kwa kiganja, kwa bidii, mara tatu nne, lakini alifuta ukuta mtupu, kama shubiri moja kulia. Kisha hapohapo akaandika 63, tatu yake imelala. Sitini na mbili ikabaki pembeni yake, haijaguswa. Akauliza, "Inasomeka?" Tukasema wote, inasomeka baba. Hakuna aliyemwambia juu ya ile nyingine.

Mke wangu hakusubiri. Wiki hiyohiyo alimpeleka kwa madaktari wa macho, wakasema ni mtoto wa jicho, unatolewa. Mzee alibisha siku nzima, halafu akakubali. Wakautoa wa jicho moja, baadaye wa la pili.

Mwezi uliopita nilishuka nikamkuta ukumbini amesimama mbele ya ukuta, kitambaa kibichi mkononi. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Alizitazama zile namba mbili muda mrefu, ile aliyodhani ameifuta na ile aliyoiandika kwa kupapasa. "Mliniacha hivihivi," akasema.

"Tulisahau, baba."

"Mlisahau, eti." Akaifuta sitini na mbili taratibu, mpaka mkia wa ile mbili. Akautazama ukuta ulivyo sasa, namba moja tu, si yake. Akatundika kitambaa, akachukua fimbo.

"Kaa pale," akaniambia, akaonyesha kiti cha mlangoni. "Mwenye rekodi lazima awepo."

Nikaketi. Mipira ikapangwa. Yeye hana wa kumwonea haya pale. Mimi ni mkwe tu. Akaja upande wa mlango, akainama polepole, kalio lote limenielekea usoni, akataja kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani: "Njano, kona ya dirishani."

Ikaingia. "Moja," nikasema.