Tetea Mweupe wa Mbuke

Watoto wa Ubaruku, katika bonde la mpunga la Usangu, walimbandika Daktari Evarista jina la Mama Pua, naye hakulikataa, maana lilikuwa la haki. Kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa kuingiza kijiti chenye pamba puani mwa watu wanaokohoa, kukifungia kwenye kichupa na kukipeleka maabara Mbeya, ajue ni kirusi gani kimewaangusha. Mafua tu, wenyewe husema. Neno hilo lilimkera. Mdogo wake Timotheo alikufa kwa hayo mafua tu, kwao Iringa, mwezi wa saba wenye baridi kali, akiwa na miaka mitatu, na hakuna aliyeweza kusema kilichomuua ni nini. Evarista alisoma mpaka akavaa miwani, ili asije akasikia tena mtu mzima akisema hatujui.

Lakini chuo hakikumfundisha kuingia kwenye nyumba za watu. Mwaka wake wa pili wa utafiti, familia moja ya Kisukuma ilimpa jogoo wa kuondokea. Yeye, na kiburi cha vyeti vyake vipya, akajibu kwamba sheria za kazi haziruhusu zawadi. Wiki iliyofuata, kila mji aliopiga hodi aliambiwa mwenye nyumba amesafiri. Ilimchukua mwaka mzima kusamehewa. Tangu hapo hakukataa kuku wa mtu, milango ikafunguka, na utafiti wake ukaanza kusomwa hata ng'ambo.

Alhamisi moja mwaka huu alimpima Justine, mtoto wa miaka sita wa Mbuke, mkulima wa mpunga. Homa, kikohozi, macho mekundu. Alipomaliza, Mbuke alizunguka nyuma ya nyumba akarudi na tetea mweupe pee, miguu imefungwa kamba.

"Huyu ni wa mama yako kule Iringa," alisema. "Asiishie njiani."

Evarista alicheka, akampokea kwa mikono miwili. Hakwenda kutazama banda. Miaka yote hiyo alikuwa akitazama pua za watu, na siku hiyo pia alitazama pua.

Sampuli zilienda Mbeya na gari la kazi. Yeye alielekea Iringa, mtaa wa Mlandege, kwa mama yake, Faustina, akamkabidhi tetea, akalala siku mbili, na Jumamosi akarudi Mbeya.

Jumatatu mashine ikasoma sampuli ya Justine. Ilikuwa influenza, hilo halikuwa na shaka. Ila kila aina ya influenza ya watu waliyoilinganisha nayo, ilikataa. Evarista alirudia kipimo. Akarudia mara ya tatu kwa mikono yake mwenyewe, akimshuku Jailos, fundi wa maabara, kuwa amechanganya vichupa. Jailos hakuwa amechanganya kitu.

"Daktari," alisema polepole, "hii siyo ya watu."

Evarista alikuwa ameshaandika kuhusu siku ambayo kirusi cha ndege kingepata njia ya kuingia mapafuni mwa watu wa Usangu. Aliandika kwa utulivu, kikombe cha chai pembeni. Sasa aliogopa waziwazi, na Jailos alimwona.

Aliwaarifu wakubwa wake, kisha akampigia Mbuke.

"Justine anaendeleaje?"

"Homa imeshuka, ila anahema juu juu."

"Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, waambie nimekutuma mimi. Na kuku wenu?"

"Kuku wameisha, daktari. Walianza kusinzia siku mbili kabla hujaja. Tukajua ni kideri, si huwa kinakuja kila mwaka? Wengine tumekula, wengine tumegawa. Wewe nilikuchagulia yule aliyekuwa bado na nguvu."

Alisema kwa fahari, na Evarista akamshukuru, kwa sababu mdomo ulishazoea.

Simu ya Iringa iliita muda mrefu.

"Kamwene, mama. Yule tetea unaye?"

"Nilimtoa sadaka jana, mwanangu," Faustina alisema kwa furaha. Kanisani kwao, sadaka za mazao hupigwa mnada nje baada ya ibada, na anayenunua akipenda hurudisha alichonunua, kiuzwe tena. "Mweupe vile, nani asimtake? Ameuzwa mara tisa. Kwaya wakamnunua, wakamrudisha. Akina mama nao hivyohivyo. Watoto wa shule ya Jumapili wakachangishana, wakambeba kwa zamu. Mchungaji akataja jina lako mbele ya watu."

"Mwisho nani alimchukua?"

"Hakuchukuliwa. Alilegea mikononi mwa watoto, nadhani jua. Tukamuwahi, tukamchinja palepale, mimi nikamnyonyoa."

Evarista aliketi. Alivuta fomu ya wagonjwa, ile aliyoipanga mwenyewe zamani, akaandika jina la mama yake kwenye mstari wa kwanza. Chini yake palikuwa na nafasi ya watu kumi waliokuwa karibu. Wakati ule aliona kumi wanatosha.

"Mama, nitajie wote waliomshika. Taratibu, usimruke mtu."

Faustina alikohoa, akaomba radhi, akaanza na watoto.