Vibua Hawali Minyoo

Kabla ya samaki kulikuwa na gundi. Tulipanga chumba Kabiro, kule Kawangware, mlango kwa mlango na fundi viatu, na harufu ya gundi yake ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Akipasua kiatu kizee aliniita nione kadibodi iliyofichwa ndani ya soli. Nikashika tabia ya kupasua: mpira, redio, hata saa ya baba, na hiyo ya saa tuiache. Mama akaona heri anipe kisu nifanye kazi.

Miaka hiyo ya tisini alikuwa akikaanga samaki pale steji ya 56. Wenzake waliuza omena wa ziwani. Yeye alichukua vibua, waliokuja kutoka Mombasa wamelala kwenye barafu. Mzee aliyewaleta alituambia vibua hukaa karibu na pwani, maji ya juu juu, maelfu kwa maelfu, wakigeuka wote mara moja hadi samaki mkubwa asijue amshike nani. Mengine niliyajua kwa vidole. Ukimfungua kibua mashavu unakuta vichanuo laini kama manyoya ya kuku. Tumboni ni uji tu wa vijidudu. Huogelea mdomo wazi, akichuja chakula majini. Nilipasua mamia, sikuona mnyoo hata mmoja.

Sasa nikiwa darasa la tano, wa kwanza kwetu kufika huko, mwalimu akaandika ubaoni: samaki wote hula minyoo. Nikasema vibua hawali.

"Bahari imefika Kawangware lini?" akauliza. Darasa likacheka.

Kesho yake nikaja na kibua ndani ya gazeti, nikampasua juu ya meza yake. "Angalia mwenyewe, mwalimu."

Hakuangalia. "Toa huo uchafu. Sema mbele ya wote kwamba ulikosea, ama usirudi hapa."

"We sema tu, buda, yaishe," rafiki yangu wa dawati la mbele akaninong'oneza.

Hadi leo, na mvi hizi, gazeti nalisoma kwa kufuata kidole, na wanangu hunisahihisha. Shule niliitaka, mtu asidhani sikuitaka. Lakini ningekana vipi kitu nilichokishika kwa mikono yangu?

"Sijakosea," nikamwambia. Nikapita katikati ya madawati, nikavuka uwanja, nikatoka getini. Sikurudi tena.