Madirisha ya Upande wa Mlima

Mama alipokimbia vita kutoka kilimani kwetu hakubeba godoro wala nguo za kubadili. Alibeba maharagwe. Alifika kwangu mjini, Gihosha, na gunia kichwani, shingo imemkaza, na hata maji ya kunywa hakuyaomba kabla ya kuuliza kama nina mahali pakavu pa kuliweka. Hayakuwa maharagwe ya kula. Zilikuwa mbegu za shamba lake, nyekundu, za njano na zenye madoa, alizozichagua moja moja na kuzichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Septemba mvua zikirudi, naye angerudi kwake kupanda. Hivyo ndivyo alivyopanga, na kila jioni aliniuliza kama kuna mtu aliyetoka kilimani na habari za shamba; sikuwa na moyo wa kumwambia nilichokuwa nikifikiri.

Mahali pakavu sikuwa napo. Miaka ile kila aliyekimbia alikuwa na jamaa mjini, na mimi nilikuwa jamaa wa wengi. Ndani watu walilala mpaka chini ya meza. Kilichobaki kilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, karakana ya zamani ya mwenye nyumba: bati nje, mbao nyembamba ndani, na madirisha mawili ya vioo yanayotazama mlima. Mama akahamia humo na mbegu zake. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yaliingia pembeni mwa fremu kana kwamba hakuna dirisha. Aliweka beseni chini ya kila moja. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, gunia mapajani, macho mekundu. Nilipandwa na hasira ambazo sikujua nimmwagie nani, nikamtukana mwenye nyumba, ambaye alikuwa amekwisha kukimbilia nje ya nchi na hakunisikia.

Nikamwita jirani yangu, Mwislamu wa makamo aliyekuwa akinyoosha bodi za magari kabla karakana yake haijaungua. Dawa ya dirisha lile ilijulikana na kila mtu: unakunja kipande cha bati, unakichomeka chini ya bati la juu, kinatokeza mbele ya fremu kama ukingo wa kofia, maji yanaruka nje. Lakini kazi hiyo hufanywa kwa nje, juu ya ngazi. Nje ni mlima, na mlimani kuna watu wenye bunduki. Chini yetu walikuwapo wanajeshi, na wao pia hawakumpenda mtu yeyote aliye juu ya ngazi. Majuma machache nyuma, mtu wa nyumba ya pili alipanda kunyoosha antena, akapigwa risasi, akashushwa na wengine.

"Mwalimu, mi sipande kule inje," fundi aliniambia. "Mulima iko inatuona."

"Sasa tufanye je?"

"Tuzibe ndani. Tukaze sana, maji ikose njia."

Hakuna aliyeona upuuzi wowote katika shauri hilo. Tulikuwa tumezoea kufanya kila jambo kwa ndani: tulipika ndani, tulisali ndani, hata misiba tuliilia ndani, milango imefungwa. Ingekuwa ajabu madirisha tu ndiyo yatengenezwe nje.

Kabla ya kushika nyundo ilibidi kupita nyumba kwa nyumba kutoa habari. Ndiyo ilikuwa adabu ya vita mtaani kwetu, kwa sababu nyundo juu ya bati inalia kama bunduki, na ukigonga bila kusema, mtaa mzima unajitupa sakafuni. Tulianza kwa wanajeshi, kisha majirani. "Musiogope," fundi alisema kila mlangoni, "leo ni nyundo, kwa mwalimu." Bibi mmoja alimshukuru, akasema yeye atalala chini tu, ameshazoea.

Tukafanya kazi siku nzima. Fundi alikata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa mikanda, akaikandamiza kati ya fremu na ukuta, akapigilia vipande vya mbao juu yake, kisha akapaka lami kila mahali penye tundu. Mama alishika kopo la lami kama mtu anayehudumia kanisani.

Mvua iliyofuata, madirisha hayakutoa hata tone. Mama alipitisha kiganja chini ya fremu, jinsi anavyopapasa paji la mtoto mwenye homa, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu afike.

"Aksanti, fundi. Mi nikivuna nitakuletea maharagi."

Akaondoa mabeseni, akaliegemeza gunia ukutani chini ya dirisha, mahali palipokuwa sasa pakavu kuliko pote. Nami, mjinga mwenzake, nikaanza kuiamini Septemba.

Harufu ilikuja kidogo kidogo. Tulidhani ni panya aliyekufa. Siku Mama alipofungua gunia kuongeza majivu, mkono wake ulizama ukakuta joto na unyevu. Tulipoligeuza, mbegu za chini zilikuwa zimeota. Vichipukizi vyeupe vilikuwa vimetoboa gunia, vikitafuta udongo kwenye saruji, na vingine vilishaoza. Maji yaliyokosa njia dirishani yalikuwa yakishuka kati ya bati na mbao, yakitokea chini ya ukuta, nyuma ya gunia. Zamani yaliingia tukiyaona na tukayakinga. Sisi wenyewe tulikuwa tumeyafundisha kuingia kwa siri.

Fundi alikuja, akachuchumaa, akashika mbegu iliyoota, akairudisha chini.

"Unisamehe, mama."

"Apana, si weye," Mama alimjibu. "Ulifanya yenye iliwezekana."

Alizianika uani akazichambua mpaka jua lilipokwenda. Za juu ya gunia zilikuwa nzima, zikajaa beseni moja. Nilimwambia tutaziweka chumbani kwangu, juu ya kabati, hata kama nguo zangu zitalala sakafuni. Alifunika beseni akaingia kulala, nikadhani amechoka.

Kesho yake mchana nilirudi kutoka shule nikakuta sufuria juu ya jiko la mbabula, moshi wa makaa uani, na watu wa nyumba nzima wamekaa wakingoja. Nilifunua kifuniko. Nyekundu, za njano, zenye madoa. Beseni lilikuwa tupu.

"Mama, hizi ni zile nzima?"

"Ni zile."

"Lakini zingetosha. Shamba ndogo ungepanda."

Alikuwa anakoroga. Hakugeuka.

"Wapi?" akauliza.

Nikaweka kifuniko chini, nikaketi pamoja na wengine. Akanipakulia wa kwanza. Yalikuwa maharagwe matamu, na nilimchukia kila mtu duniani kwa utamu ule. Mama alikula sahani yake yote, akaosha sufuria, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena kama kuna mtu aliyetoka kilimani.