Kinu ya Mabata, Kinu ya Pilipili

Jirani yangu amekufa. Balinipigia simu asubuhi, nikajibu "aya," nikaendelea kunywa chai. Nyinyi benye munasomaka hapa munanijua: kitu kidogo, minyi napanda moto. Ile siku, hakuna. Hata ku kilio, wakati mama mumoja alisema familia ya bwana yake njo ilimuloga, nilisimama nimujibu, kisha nikakaa tena.

Ule jirani alikuwa Muluba wa Mulongo, kule ku mto, muke wa soda, askari wa base ya jeshi, anafuga mabata. Tangu hizi konokono makubwa zishuke mu wagon ya treni pamoja na miche ya ndizi, mashamba yetu yote imejaa. Bengine balilia, yeye alicheka. Kila asubuhi anaziokota na mikono, anazitwanga mu kinu, mabata inakula, inanenepa. Kisha anasuuza kinu na maji ya baridi, anatwanga pilipili mubichi na tomate na chumvi. Minyi namuchokoza: "Ya dada, hii pilipili yako inanuka bata!" Naye: "Weye, nyamaza! Kama hautaki, rudisha sahani." Sikurudishaka.

Kichwa ikaanza kumuuma, shingo ikakauka, hata nguo ya kikwembe ikimugusa ngozi analia. Ku hospitali balimutunza malaria, kisha typhoïde. Docteur mumoja akamuuliza: "Mama, unakulaka konokono?" Na maumivu yote ile, akacheka: "Minyi? Docteur, shiye ba Mulongo tunakulaka samaki! Konokono, enda uulize bale basoda ba mu musitu kule base." Salle yote ya bagonjwa ikacheka. Docteur naye akacheka, akapita ku kitanda ingine.

Alipokufa, njo bwana yake alisimulia docteur ile kinu moja ya konokono na pilipili. Docteur akakaa chini. Akatuelezea: kuko mududu mudogo, anaishi mu panya, konokono anamuokota mu mavi ya panya, ukimeza hata kipande ya konokono mubichi, ule mududu anapanda mu bongo. "Pengine angekufa tu hata kama ningejua," alisema. "Pengine hapana."

Ninatafuta muntu wa kukasirikia, simupate. Docteur aliuliza vizuri. Dada alijibu ukweli. Shiye bote tunaulizwaka juu ya kinywa, hakuna mwenye anauliza juu ya kazi, na kazi njo inakaa mu mikono yetu kutoka asubuhi. Ku camp ya basoda, karibu kila mulango iko na mabata, na kinu moja. Basi munisikie. Mutafute kinu ya pili. Na docteur akikuuliza weye unakulaka nini, umwambie na mabata yako inakulaka nini.